Baba Aliposahihisha Filamu

Nyumbani kwangu, mtaa wa pili kutoka karakana ya makochi ya Baba,
Jumapili, 12 Oktoba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko na baridi yako? Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi ukiushika ukuta kama mwizi, nikacheka, kisha nikaona vibaya kucheka. Natumaini dawa mpya imekupa nafuu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mafua yanayotuzunguka kwa zamu.

Sasa nikupe habari, maana najua unaisubiri kwa hamu na kwa hasira kidogo. Filamu ya kitindamimba wetu ilionyeshwa juzi Ijumaa, na Baba alikuwepo.

Sijasahau ulivyosema. Ulisema mambo ya nyumbani hayaanikwi barazani, na kwamba mgane aliyeshuhudia wanawe wakigombana juu yake hana haja ya kuyaona tena kwenye pazia la sinema. Ulimwonya huyo mdogo wangu kwamba Baba akitoka ukumbini kwa hasira, atakuwa amemtoa na yeye moyoni, na asikupigie simu kulia. Maneno hayo yalimkosesha usingizi. Baba alijua tu kwamba ni filamu ya fundi fulani. Hakujua kwamba fundi ni yeye.

Kwanza nikujibu lile swali uliloniuliza kwa kunong'ona kwenye simu. Hapana, Shangazi, hakuna mwanamke nyumbani kwa Baba. Akikuambia tumeamka salama, tumeshakunywa chai, usianze kuhesabu vikombe. Hiyo "tu" ni yeye na Mama. Tangu tumzike hajawahi kusema "nimeamka". Haongei na kuta wala hamwekei mtu sahani. Akili zake ni timamu, na hadi leo akilikalia kochi tu anajua kama limeshonwa na fundi mwingine. Ni neno tu limebaki mdomoni mwake pamoja na ile misumari anayoibana kwa midomo akipigilia makochi.

Aliyeogopa ni Kaka mkubwa. Unakumbuka alipokuja na gari la mizigo kumhamishia kwake, akasema mzee hawezi kuishi peke yake. Baba akatema misumari kiganjani, akamjibu kwamba sisi hapa tunaishi vizuri. Wiki hiyohiyo Kaka akampeleka kwa daktari, na daktari akasema mzee ana afya kuliko aliyemleta. Mimi nilicheka, Kaka akanuna, na tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa shingo upande.

Basi Ijumaa Baba alivaa lile koti la harusi yangu, akaketi kati yangu na Kaka. Kiti kilipolia chini yake akakipapasa, akaniambia sponji imekufa. Taa zikazimwa. Kwenye pazia akatokea fundi makochi mgane, mwembamba kuliko Baba, misumari mdomoni. Baba akaacha kupapasa kiti. Mimi nilimtazama yeye tu, kwa hiyo filamu nimeisikia zaidi kuliko kuiona.

Ikafika siku ya gari la mizigo. Mwana amesimama mlangoni na funguo mkononi. Yule mwigizaji akatema misumari kiganjani, akasema, "Mimi hapa naishi vizuri."

"Tunaishi," akasema Baba.

Kwa sauti kabisa, Shangazi, kama anavyomsahihisha mteja aliyekosea jina la kitambaa. Mama mmoja nyuma yetu akamnyamazisha. Kitindamimba alikuwa safu ya mbele, akageuka, na hata gizani niliona amekufa nusu. Baadaye aliniambia kwamba neno lile alilijua, ila alilitoa makusudi, watu wasije wakamcheka Baba wakadhani amechanganyikiwa.

Filamu ilipokwisha, mwenye ukumbi akasikia kwamba baba wa mtengenezaji yupo, akamletea kipaza sauti. Nikaushika mkono wa kiti kwa nguvu zote, maana hapo ndipo onyo lako lingetimia au lisingetimia. Baba akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Tumeipenda." Akaketi.

Watu wakapiga makofi wakidhani anawasemea wote ukumbini. Sisi wanawe watatu tulijua anamsemea nani. Kaka mkubwa, mhasibu mzima, alilia hadi akaazima leso ya yule mama wa nyuma.

Nina fahari, Shangazi, na sitaki kuificha. Najivunia mdogo wangu, aliyetuanika wote bila kumfedhehesha hata mmoja wetu. Baba namjivunia zaidi, maana sisi tulikuwa tunamwonea aibu neno ambalo yeye hakulionea aibu hata mbele ya ukumbi uliojaa. Mwigizaji ataitwa tena alitamke upya, na Baba ameomba awepo kumsikiliza. Mama angekuwepo angelalamika kwamba mwigizaji hana tumbo la kutosha.

Kwa hiyo mpigie simu mdogo wangu, tafadhali. Anaogopa kukupigia wewe kwanza, na wewe ukinuna unajulikana.

Kaka na mimi nasi tumepatana. Leo asubuhi alikuja kwangu kwa chai, akampigia Baba simu nikiwa nimekaa pembeni yake. Miaka yote humuuliza, "Baba, umeamkaje?" Leo akasema, "Baba, mmeamkaje?" Nilimsikia Baba kwenye simu akitema misumari ili ajibu.

Wasalimie mjomba na wale mapacha wake. Kaka, kitindamimba na mume wangu wote wanakubusu mikono. Mungu akuponye goti, akurudishe kwetu ukitembea bila kushika ukuta. Nilipomwambia Baba kwamba nakuandikia, alisema nisisahau hili: tunakusalimu.

Wako akupendaye, asiyejua kufunga mdomo,

Chiriku.