Mayai Mabichi ya Zuhura

Mama Upendo,

Kwa heshima na taadhima, nachukua fursa hii kukutangazia rasmi kwamba upara wangu sasa umekutana na shingo. Hakukuwa na sherehe. Dada yangu kaniletea kopo la vidonge vya vitamini ya biotini kutoka Kariakoo, kaapa nywele zitarudi. Nikakusikia kabisa ukisema, "Baba Upendo, upara wa ukoo wenu hauna upungufu wowote."

Hapa Sofu, upande wako wa kitanda naweka nguo za kupiga pasi. Angalau zenyewe hazikoromi. Zingekoroma tu, mke wangu... Basi. Sikuandikii ili nilie. Nakuandikia habari za Zuhura.

Unakumbuka nilivyokupakia kwenye pikipiki mpaka Vihingo, kwenye utafiti wako wa lishe? Mtoto Zuhura nywele zimepukutika, ngozi ya kuzunguka macho na mdomo imebabuka, wenzake wanamwita kipara mpaka shule kaiacha. Majirani wakasema karogwa. Bibi yake, Bibi Mwajuma, akatukirimu kwa mayai mabichi kwenye vikombe. Akasema hata mjukuu wake humpa hayohayo asubuhi na jioni, maana yai likiiva, nguvu yake hutoka na mvuke. Mimi nikasingizia tumbo. Wewe ukanywa lote, ukafuta mdomo, ukauliza taratibu, "Bibi, alianza lini kuyanywa?"

Kumbe tangu alipougua malaria, zaidi ya mwaka. Njia nzima ukanipigia kelele sikioni: ute mbichi wa yai unaikamata biotini tumboni, mwili hauipati; ukipikwa, unaiachia. Miaka yote hiyo nafundisha jiografia, sikujua yai nalo lina siasa zake.

Bibi alikusikiliza kwa sababu ulikunywa kikombe chake. Akaanza kuyapika. Kisha presha ikakuchukua, ghafla. Hata chai hukuimaliza.

Baada ya arobaini nikaenda Vihingo. Mayai mabichi yalikuwa yamerudi. Ofisini kwenu walishaniambia utafiti ule umekwisha nawe. Na pale uani jirani mmoja akanitupia, kwa ule upole unaochoma, "Huyo aliyejua siri za mayai, mbona kafa?"



"Kafa kwa presha," nikamjibu. "Hakufa kwa uongo."

Huku Sofu wanasimulia kwamba nilitoa somo zito, Bibi akaelewa. Nimewaacha wasimulie. Lakini wewe hujawahi kudanganyika na mimi, kwa hiyo sikiliza kweli yenyewe. Somo nilitoa. Nikachanganya biotini na madini joto ya kwenye chumvi, Bibi akasinzia. Nikaomba kikaango, nikainama mafigani nikaanza kukaanga mwenyewe. Moshi machoni, maganda ndani ya mayai, mafuta yananirukia. Bibi alivumilia, mwisho akaninyang'anya mwiko: "Toka hapo, mwanangu. Mayai ya mjukuu wangu hayaunguzwi hivyo."

Akayakaanga mwenyewe, Zuhura akala. Tangu siku hiyo anayapika. Sijui ameniamini, au anaogopa nitarudi jikoni kwake.

Hospitali nako tulimpeleka, akaandikiwa vidonge vya biotini. Ngozi imetulia. Nywele zinaota, laini kama manyoya ya kifaranga, upande mmoja zimewahi kuliko mwingine. Daktari kasema hawezi kuapa kama ni mayai au ni vidonge, na mtoto mmoja hathibitishi kitu.

Sawa. Basi nitamtafuta wa pili, na wa tatu, nimpeleke kwa huyohuyo daktari. Nakuahidi hivyo, mimi na pikipiki yangu inayokohoa. Anayesema kazi yako imezikwa, aje anizuie njiani.

Pumzika, mke wangu. Zuhura karudi shule. Bado wapo wanaomwita kipara. Anawajibu, "Nilikuwa."

Wako,
Baba Upendo