Nilivyokujibu Kwenye Simu

Chumba cha sita,
nyuma ya ghala la saruji.
Tarehe 14, mwezi wa tatu.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko? Watoto wameacha kukohoa? Mimi mzima, mgongo ndio haunisikii. Tangu mama yako mdogo atangulie sina wa kuniandikia, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Ule muda wa maongezi mliotuma kama ahsante umeingia. Sijaugusa.

Siku ile ulipopiga na maswali ya ofisi yenu, ya usalama wa sisi vibarua, ulianza vizuri. "Baba, uko peke yako? Unaweza kuongea kwa uhuru?" Nikasema ndiyo. Nilidanganya. Simu naichaji kwa nyapara, chumbani kwangu hakuna umeme. Na sehemu ya sikio ilishakufa, inasikika kwa spika ya nje tu. Nyapara alikuwa anakula mbele yangu. Akaacha kutafuna.

"Jibu, mzee," akaninong'oneza. "Mtoto anasubiri."

Nikajibu. Helmeti mnapewa? Tunapewa. Glavu? Zipo. Kuna aliyeumia miezi hii mitatu? Hakuna. Ukasema ahsante baba, umejibu vizuri sana. Nyapara naye akasema hivyohivyo.

Na Kigingi, jirani yangu ninayebeba naye zege, alikuwa na wiki ya tatu kitandani. Alidondoka jukwaani, ghorofa ya pili. Nyonga imevunjika. Nilimbeba mimi mwenyewe.

Ripoti yenu mlimtumia tajiri nakala. Kaibandika mlangoni. Mke wa Kigingi alipokwenda kudai matibabu akaonyeshwa pale kwa kidole: wenzake wenyewe wamesema hakuna aliyeumia. Akaja kwangu.

"Shemeji, nani kasema hivyo?"

Nikaangalia chini. Akajua, akaondoka.

Umesoma, na mimi nilijivuna kila mahali. Lakini utafiti gani huo wa kukaa huko na kupiga simu? Ungekuja ukakaa hapa kwenye matofali nusu saa tu, ungemwona nyapara. Ungehesabu na helmeti. Ziko mbili, yake na ya mgeni.

Sitaki kukulaumu peke yako. Mdomo ulikuwa wangu.

Sasa futa majibu yangu yote. Waambie wakubwa zako yule kibarua alisema uongo. Andika Kigingi aliumia tarehe 22 mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, na shahidi ni mimi. Weka jina langu kamili. Kazi nitafukuzwa, najua. Usinipigie. Nijibu kwa karatasi yenye muhuri wa ofisi, nimpelekee mkewe mkononi.

Nisalimie mumeo na wale mapacha. Shangazi yako anakusalimu, anauliza utakuja lini. Kigingi nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza ana salamu gani. Akageukia ukutani.

Mungu akulinde hukohuko uliko.

Wako akupendaye, pamoja na hasira zote hizi,
Baba yako mdogo