Shemeji Atakaa Wapi

Mama ametoa unga kwa gari. Ametoa karanga, ametoa ile samaki kavu tulifunga na gazeti jana, na sasa anafungua kamba ya miguu ya kuku. Angepiga kelele ningejua pa kushika.

Leo ni Alhamisi, saa saba na nusu mchana. Jua ni kali mpaka mabati inalia, lakini upande wa Nyabondo wingu limeanza kukaa. Mimi niko kwa mlango wa simba, nyumba yangu ya ujana, na hili daftari kwa goti. Nangoja baiskeli. Baba mdogo Oloo ameenda nayo Pap Onditi kununua oili ya injini, na bila hiyo baiskeli siwezi kurekebisha kitu nimeharibu.

Nimeharibu mimi mwenyewe. Wacha niandike.

Safari ni kesho. Dada yangu Akinyi anakaa Migosi, huko Kisumu, na wiki tatu zimepita tangu ajifungue kwa kupasuliwa. Mtoto wake wa kwanza hakuishi. Huyu anaishi, ni msichana, na Mama hajamwona. Akinyi mwenyewe hawezi kusafiri, kidonda bado. Aliandika barua, mimi nikamsomea Mama polepole na kidole, kwa sababu shule niliacha darasa la nne. Iko mahali imeandikwa, "Mama, nikilala naota umekaa hapa. Kuja hata saa moja tu."

Hapo nilisoma mara mbili. Mama alisema nirudie, nikarudia.

Shida ni kwamba Mama hawezi kulala Migosi. Hii kila mtu wa huku anajua. Mama mkwe halali kwa nyumba ya mwenye ameoa mtoto wake, na hiyo nyumba ni chumba moja na pazia katikati. Hata kufika tu ilikuwa kesi. Mama alisema hawezi kukanyaga kwa wakwe wakati mambo ya ng'ombe wa mahari haijaisha. Ni Oloo alimlegeza. Oloo ni ndugu mdogo wa marehemu Baba, na mdomo yake haina breki.

"Nyar Seme," alimwambia, maana Mama ni binti wa Seme, alizaliwa upande wa Kombewa, "Migosi si boma. Ni nyumba ya kupanga. Mwenye boma ni landilodi, na huyo hajaoa mtoto wako."

Mama alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akasema basi, ataenda, lakini ni kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Na chai atakunywa karibu na mlango.

Magari ya abiria hayawezi. Mguu wake mbaya hautaki kusukumwa, na gari ya kurudi ukikosa umelala. Kwa hivyo tunaenda na pikapu yetu. Tutoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tufike Katito kabla malori ya mchanga haijachimba barabara. Katito ndio lami inaanza, saa mbili tuwe Ahero, saa tatu Migosi. Saa saba tugeuze, hata kama Akinyi analia. Saa kumi mvua huanguka, na udongo wetu mweusi kati ya Katito na nyumbani ukishika gari haiachi. Mvua ikitukuta bado Kisumu, Mama atalala kwa mkwe, na alishasema mara tatu kwamba hiyo aibu ataenda nayo kaburini.

Huu mpango sikutoa kwa kichwa yangu. Ni wa Baba.

Baba alikuwa anaenda Kisumu na hii pikapu mara moja kwa mwezi, na mimi nilikuwa nakaa katikati, kati yake na Mama, nikiwa mdogo hata miguu haifiki chini. Mimi nilikuwa naona safari inaanza siku moja kabla. Mchana alikuwa anaosha gari na maji ya mto mpaka ndani ya magurudumu. Anafungua boneti, anaangalia maji, anaangalia oili, anapangusa ile kijiti na kitambaa kimoja tu, hicho hicho miaka yote. Halafu anageuza gari inaangalia barabara, ndio asubuhi asipoteze wakati kurudi nyuma. Vitu zote anapanga chini kwa majani, jeki, spea, chupa ya maji, blanketi, anazunguka akiangalia kama mtu ananunua ng'ombe.

Mimi nilikuwa nalala na nguo ya safari. Mama alikuwa ananikataza na mimi navaa tu, nafunika na shuka.

Nakumbuka Katito. Gari ilikuwa inapiga kelele njia yote, milango, vyuma, mkebe wa spana chini ya kiti, halafu magurudumu inapanda lami na kelele yote inakufa. Sisi watatu tulikuwa tunanyamaza pia. Sijui kwa nini. Ni kama mtu ameingia kanisa.

Baadaye mashamba ya mpunga ya Ahero, kijani mpaka macho inauma, na wale ndege weupe wamesimama ndani ya maji kama wanangoja kuitwa majina. Mama alikuwa anashusha dirisha kidogo. Ukikaribia mjini upepo ulikuwa unaleta harufu ya sukari ikichemka, na baada ya hiyo, harufu ya ziwa. Kazi za Baba zikiisha tulikuwa tunaenda pwani ya ziwa, anaingiza gari mpaka maji inafika nusu ya gurudumu, anaosha vumbi yetu ya Nyakach. Mama anakaa kwa jiwe na viatu mkononi. Tunakula samaki na ugali, watatu sahani moja, halafu Baba anaangalia jua tu, hata saa hana, anasema, "Twende."

Kabla jua halijaingia nyuma ya milima ya Homa, tumefika. Kila mara.

Baba alikufa miaka mitano sasa. Hiyo pikapu ilikaa juu ya mawe nyuma ya ghala, kuku wakitaga kwa kiti yake. Mimi na Oloo tuliifufua pole pole. Mwaka jana nilipata laiseni. Nabeba matofali na mchanga, hapa na soko, na watu wananiita dereva.

Sasa ukweli ni huu, na sijaambia mtu. Sijawahi kupita Katito nikiendesha. Hata siku moja. Lami naijua nikiwa nimekaa katikati. Usiombe nikuambie habari ya raundabauti ya kuingia mjini, magari inazunguka kutoka kila upande na wote wanajua zamu yao isipokuwa mimi. Vibao za barabara mimi nasoma, lakini nikimaliza neno la kwanza gari imeshapita.

Badala ya kusema naogopa, niliandika barua. Jirani alikuwa anaenda Kisumu Jumatatu, nikampa apelekee shemeji, bwana ya Akinyi, Ouma anaitwa, anachomelea milango ya vyuma kwa karakana moja huko. Nikamwomba atoke mjini na gari ya abiria asubuhi, atungoje Ahero kwa steji, aingie kwa gari yetu atuonyeshe njia. Jana jirani alirudi na jibu. Shemeji ameomba ruhusa kazini. Saa mbili atakuwa amesimama Ahero, amevaa shati nyeupe ndio nimjue mbali.

Nilifurahi. Nililala vizuri jana, huo ndio ukweli.

Asubuhi hii Mama alikuwa anachagua karanga, Oloo yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana. Mama akauliza, "Huko mjini, nyumba tutaijua aje?"

Nikasema, "Usijali, Mama. Shemeji atatungoja Ahero."

Mkono yake ikasimama ndani ya karanga.

"Halafu atakaa wapi?"

Hapo ndio niliangalia gari. Kiti ni moja, ndefu, ya watu watatu. Mimi kwa usukani, Mama kwa dirisha. Nikaangalia katikati. Nilijiona mdogo hapo, miguu haifiki chini. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu si mtoto, ni mwanamume mzima, na ni mkwe wake.

Oloo alianza kucheka kabla hajatoka chini ya gari. Alitoka na grisi kwa masikio, akakaa kwa gurudumu ya spea, akashika tumbo.

"Yawa! Mtu na mama mkwe wake, paja kwa paja, mpaka Kisumu! Na barabara ikipinda, Nyar Seme anamwangukia!"

"Oloo, nyamaza," Mama akasema, halafu akanigeukia mimi. "Omondi. Wewe ulilelewa na nani? Mimi huyo kijana hata mkono hatujawahi kusalimiana. Akipita, mimi naangalia chini. Sasa nikae naye goti kwa goti kama watu wamefunga harusi?"

Nikasema pole pole, labda shemeji akae nyuma na mzigo.

"Mkwe? Nyuma na kuku?" Oloo akasema. "Na shati nyeupe? Omera, wewe kijana, hata mbuzi ya soko unaiwekea majani chini. Huyo akirudi kwao atasema nini? Ng'ombe zimebaki hatutaziona mpaka Yesu arudi."

"Basi nitaenda nyuma mimi," Mama akasema, na sote tukaangalia mguu wake, na yeye akaangalia pia.

Halafu akasimama. Akaenda kwa gari, akashusha unga.

"Andikia Akinyi," akasema. "Mwambie mtoto nitamwona akijua kutembea. Ataletwa hapa."

Oloo akaacha kucheka. Alisema anaenda kununua oili, hata kama hakuna mtu alikuwa anataka oili tena.

Nilibaki na Mama. Mimi si mtu wa maneno, kila mtu anajua. Mtu akiniuliza kitu mbele ya watu, jibu inakuja kesho yake nikiwa kwa choo. Lakini nilimfuata mpaka jikoni, nikasimama kwa mlango, nikaambia ile moshi, si yeye, "Nilimwita kwa sababu naogopa. Sijawahi kuendesha lami. Ile raundabauti naogopa."

Akasukuma kuni ndani ya moto.

Halafu akauliza kama nakumbuka pale Nyamasaria, kabla ya kuingia mjini, mahali Baba alikuwa anasimamisha gari kila safari tunanunua miwa. Nikasema nakumbuka sana. Alikuwa anatafuna pole pole, anaangalia mbele, na mimi nilikuwa nafurahi kwa sababu tunakaa hapo hata nusu saa.

"Ulifikiri ni miwa?" Mama akasema. "Baba yako alikuwa anangoja moyo ishuke. Hiyo kona aliiogopa miaka yote. Mkono yake ilikuwa inalowa, unaona alikuwa anapangusa kwa suruali? Anatafuna, anapangusa, halafu anaingia."

Nimekaa na hilo neno tangu wakati huo. Mimi nilikuwa kando yake. Nilikuwa naangalia kila kitu, watu husema huyu kijana macho yake inameza, na hiyo sikuona. Nimejaribu kurudisha ile miwa kwa kichwa, utamu wake, maganda kwa miguu yetu, na sasa kila nikirudisha naona mkono ya Baba kwa suruali. Sijui kama nimepoteza kitu au nimeongezewa. Nataka tu angekuwa hapa nimuulize alikuwa anaangalia nini kwanza, kulia au kushoto.

Nilimwambia Mama nitaendesha mwenyewe. Bila mtu katikati.

"Na huyo mwenye amesimama Ahero? Tutampita hivi, tunapunga mkono?"

Nikasema nitampigia simu leo, asitoke.

"Ukirudi na jibu yake kwa mdomo yako, nitarudisha unga," akasema. "Bila jibu, mimi siendi popote."

Simu ya karibu iko Katito, kile kibanda cha posta. Nimewahi kuitumia mara moja. Niliongea mpaka nikamaliza habari, kumbe hakuna mtu ameshika upande ule. Namba ya karakana iko kwa barua ya Akinyi. Nimefanya mazoezi hapa na mdomo bila sauti. Kwanza salamu. Halafu: "Shemeji, usije Ahero. Makosa ni yangu. Mama hawezi kukaa na wewe kwa gari, na wewe unajua." Atajua. Pengine hata yeye hajalala, akifikiria hicho kiti, na ameona haya kukataa.

Halafu nimuulize njia. Asiniambie majina. Aniambie kitu macho inaona, tangi ya maji, ukuta ya rangi gani, mti gani umeinama, baada ya raundabauti nihesabu kona ngapi. Nitaandika hapa kwa ukurasa wa nyuma, kubwa kubwa, Mama anishikie kwa goti.

Wingu ya Nyabondo limeshuka. Baiskeli inakuja, nasikia ile mnyororo, na Oloo anaimba ndio tujue hana makosa.

Lazima niondoke sasa. Karakana yao inafungwa saa kumi na moja, na njia ikilowa nitabeba baiskeli badala ya yenyewe kunibeba. Nikikosa hiyo simu, shemeji atapanda gari asubuhi, na Mama atabaki hapa jikoni, na Akinyi ataangalia mlango siku nzima.

Naenda.