Shanga Ndani ya Muundi wa Mama Fulgensi

Ifakara, Jumatano, 15 Mei 1996

Mvua imekatika tangu juzi, lakini jua halijapata nguvu. Ua wa hospitali una matope, na mbu wameanza kazi kabla ya magharibi. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, daftari juu ya goti.

Kesho asubuhi watautoa waya katika mguu wa mke wangu, Mama Fulgensi.

Siku kumi na tatu zilizopita daktari wa mifupa, mgeni ambaye huja hapa mara chache kwa treni, alimpasua muundi, pale mbele chini ya goti, akakwangua mfupa uliooza, kisha akapanga ndani ya shimo lile shanga za saruji ya kitabibu iliyochanganywa na dawa. Zimetungwa kwenye waya, na kila moja ina ukubwa wa punje ya mbaazi. Dawa hutoka humo kidogo kidogo, usiku na mchana, ikiulowesha mfupa wenyewe. Ncha ya waya imejitokeza pembeni mwa bandeji. Mama Fulgensi huigusa kwa kidole, kisha hugeukia ukuta.

Kesho shanga zikitoka, daktari atautazama mfupa. Ukiwa safi, atafunga kidonda. Ukiwa bado unaoza, ataukata mguu chini ya goti papo hapo, kwa usingizi uleule wa dawa. Keshokutwa anaondoka. Kwa hiyo leo alitaka mgonjwa atie sahihi ya kukubali yote mawili. Bila sahihi hiyo hatamgusa, na shanga haziwezi kukaa humo zikingoja safari yake nyingine.

Mke wangu alikataa kutia sahihi.

Naandika sababu yake, ingawa inanichoma.

Mguu aliuvunja mwaka jana pale Kivukoni, tulipokuwa tukishusha mpunga kutoka kwenye pantoni. Gunia lilimwangukia, mfupa ukatoboa ngozi. Mfupa uliunga, lakini kidonda hakikufunga. Kilitoa usaha, na mara mbili kilitoa kijipande cheupe, chembamba kama gamba la yai. Tulipewa vidonge vya rangi mbili. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu: niliandika ratiba, nikaibandika mlangoni. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku.

Kabla ya Pasaka nilimkuta jikoni amefungua kidonge, anaumimina unga wake ndani ya kidonda, kama wafanyavyo wanawake wote wa kijiji chetu. Nilimgombeza mbele ya dada yake, Skola, na mbele ya majirani waliokuja kuazima kinu. Nilisema kwamba mtoto wa darasa la kwanza angeifuata ratiba ile. Yeye alifunga kidonda, akaendelea kupepeta mchele.

Tangu alazwe, kila mgeni aliyefika kitandani nimempa maelezo hayohayo: angemeza dawa kwa saa zake, tusingekuwa hapa. Nimeyasema kwa wakwe. Nimeyasema kwa katekista. Nakiri kwamba nilipata raha kuyasema. Mtu mwenye hofu hupumzika akishajua kosa ni la nani.

Leo asubuhi nikamweleza na daktari, mgonjwa akisikia. Nilidhani namsaidia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimewahi kumwagilia mti uliokauka. Halafu akasema kwamba kipande kile cha mfupa kilikufa siku mguu ulipovunjika. Hakina damu, na dawa ya kumeza husafiri kwa damu. Angemeza kila kidonge kwa dakika yake, dawa isingefika. Unga nao uliganda juu ya kidonda, haukushuka. Ndiyo maana yeye huiweka dawa palepale penye ugonjwa.

Daktari alipotoka, muuguzi akaleta karatasi ya kukubali. Mama Fulgensi akaisukuma kando.

“Mguu wakiukata, waukate,” aliniambia. “Lakini sitakatwa kwa kosa ambalo si langu. Hawa watu watasema nilijikata mwenyewe. Wewe ndiye uliyewafundisha, Mwalimu. Wafundishe upya.”

Nilimwambia kwamba huu si wakati wa mambo hayo. Akafumba macho. Muuguzi alikuja mara ya pili, akaja mara ya tatu, akasema karatasi inatakiwa kabla ya jioni. Mchana wote nilitembea kati ya lango na wodi, nikitafuta namna ya kusema bila kusema.

Saa kumi wageni waliingia. Skola alikuja na majirani watano kutoka ng'ambo ya mto, na chungu cha wali na kambale. Nilisimama miguuni pa kitanda. Nimesimama mbele ya wanafunzi miaka thelathini na minne; leo mwanafunzi nilikuwa mimi. Nilisema kwamba nilimsingizia mke wangu. Nilisema kwamba ugonjwa haukutokana na ukaidi wake, kwamba nililaumu bila kujua, na kwamba naomba radhi.

Hata wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kula.

“Shemeji, rudia,” alisema Skola. “Wa nyuma hawakusikia.”

Walicheka, na mgonjwa alicheka kuliko wote. Nikarudia, kwa sauti ya darasani. Mama Fulgensi akaomba kalamu. Aliandika majina yake yote matatu, taratibu, akanipa karatasi nitie sahihi ya shahidi. Yangu imepinda. Nimeiona, sikuomba karatasi nyingine.

Wageni walipoondoka, muuguzi aliuliza swali nililokuwa nimeliogopa: mguu ukikatwa, wauzike hospitali au ndugu watauchukua? Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa na jibu tayari.

“Nyumbani, karibu na kaburi la mama,” alisema. “Uubebe wewe, Baba Fulgensi. Usimtume mtu.”

Nilimwambia nitaubeba. Aliniamini, akalala.

Najiuliza kama angeniamini jana. Sina hakika, na sistahili kumuuliza.

Saa mbili asubuhi watamwingiza chumba cha upasuaji. Nitakuwa mlangoni. Mchana nitavuka mto kwenda kuwapa Skola na majirani habari, kwa kuwa nimeahidi kuwapelekea mwenyewe, vyovyote itakavyokuwa.

Mungu, nijalie nivuke mikono mitupu.