Upawa Uliogonga Mara Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko melini? Sisi tu wazima, ila Mama. Tangu Baba afariki, mwezi wa saba huu, anakula vijiko viwili vya uji kisha anasukuma bakuli. Daktari kasema akiendelea hivi hatafika mwisho wa mwaka.

Unajua nafua mashuka ya hoteli. Msimamizi alinipa tiketi mbili za Usiku wa Meksiko wa juzi Jumamosi, chakula kimepangwa mezani, unakula mpaka ushibe. Nikamvuta Mama, akaja kanuna. Ungevunjika mbavu, kaka. Wahudumu wamevishwa kofia za majani pana kama miavuli na masharubu ya kubandika. Ya mmoja yalidondokea kwenye maharage, akayaokota, akayabandika tena. Wapiga gitaa wanaimba lugha ambayo hata wao hawaijui. Mama akasema, "Watu wazima hawa, hawana haya?"

Mwisho wa meza kulikuwa na sufuria ya nyama. Mpishi wa pale kainamisha kofia. Akachota, akagonga upawa mara mbili kwenye ukingo wa sufuria, akapangusa ukingo wa sahani kwa kidole gumba, halafu akaigeuza sahani nyama imtazame Mama. Vilevile kama Baba alivyowapakulia watoto wa shule miaka thelathini. Mama alikaa akala, akafuta sahani kwa mkate. Njiani ndipo akaniambia, "Baba yako kapata kazi."

Naogopa, kaka. Lakini amekula! Nimrudishe pale au nisimrudishe?

Mdogo wako,
Chiriku


Alhamisi, 7 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Mimi mzima, bahari imetulia. Usimpeleke Mama pale tena. Wapishi wote hugonga upawa, ni tabia ya jikoni tu. Wafu hawapakui chakula. Mpikie supu, mkalie mpaka amalize. Nisamehe naandika mbiombio, meli inang'oa nanga.

Kaka yako


Jumapili, 17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nina hasira na wewe, lakini salamu ni salamu.

Barua zako huchukua mwezi mzima kufika. Hii imechukua siku mbili, na muhuri wa posta ni wa mji huu huu. Njia ya mwongo fupi! Nikakaa nikafikiri: nani mwingine alifundishwa na Baba kushika upawa? Nikajua ni wewe chini ya ile kofia. Nilikuwa na miaka tisa ulipoondoka, ndiyo maana sikukutambua, na Mama ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Sikumwambia kitu.

Jana tukarudi. Nilikuja makusudi nikubandue masharubu mbele za watu. Mama akaenda peke yake kwenye sufuria, mimi nikabaki mezani nakutazama. Ukagonga mara mbili. Ukainama, ukamnong'oneza. Nilipoinuka ulikuwa umeshaingia mlango wa jikoni. Mama akala sahani mbili. Akaniambia umesema, "Mwambie mtoto aje, hata mikono mitupu."

Mtoto asiyekuja ni wewe, mbona unajitumia salamu mwenyewe? Na kwa nini umwache mama yako akudhani wewe ni marehemu Baba? Jana usiku alikuwa anaimba huku anafua shati la Baba. Nimelia mimi. Njoo umwambie ukweli, maana nikimwambia mimi ataacha tena kula.

Chiriku


Alhamisi, 28 Machi

Chiriku mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Siku hizi zote nashika kalamu, naiweka.

Ni kweli. Niko mjini hapa mwaka wa pili. Meli ilinishusha na begi moja la nguo chafu. Barua zangu alikuwa akizitia posta rafiki aliyebaki melini, ila ile ya juzi niliituma mwenyewe kwa hofu; zako nazichukua ofisi ya meli bandarini hapa. Siku ya mazishi ya Baba nilisimama ng'ambo ya barabara, nikawaona mnatoka. Na ile Jumamosi ya kwanza ni mimi. Nilipomwona Mama, mkono uligonga wenyewe. Mlipoondoka nilijificha nyuma ya friji nikalia mpaka gundi ya masharubu ikaachia.

Lakini sikiliza. Nilipopata barua yako ya kwanza niliacha kazi. Jumamosi ya pili nilikuwa kwenye kibarua kipya, jikoni hospitalini, namenya vitunguu, na wenzangu sita ni mashahidi. Nimekwenda kumuuliza mpishi mkuu wa hoteli. Anasema hajapata wa kuziba nafasi yangu, na ile sufuria ya nyama jioni ile haikuwa na mtu. Wageni walijipakulia wenyewe.

Na yale maneno. Miaka kumi na miwili iliyopita Baba alinifuata mpaka getini, tumegombana. Akasema, "Usirudi hapa mikono mitupu." Tulikuwa wawili tu. Sijamsimulia binadamu yeyote. Ndiyo sababu sijagonga mlango wenu.

Naogopa kuliko wewe. Sina hata kitambaa cha kumletea Mama. Nikija Jumapili ya tarehe saba, atanifungulia?

Kaka yako


Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu,

Anayesema ni mimi, mama yako. Chiriku anaandika tu, na nimemkataza asiongeze lake. Sijambo, nakula.

Nimesomewa barua zako zote, pamoja na ile ya uongo. Sikushtuka, baba yako alikuwa ameshaniambia pale kwenye sufuria. Mkono wako niliujua ile Jumamosi ya kwanza, mimi ndiye niliyekuzaa; kwa Chiriku nilimtaja baba yako ili asikuumbue kabla hujawa tayari. Unagonga upesi mno, una papara tangu utoto. Baba yako hugonga taratibu. Ile ya Jumamosi ya pili haikuwa ya papara.

Sijarudi tena hotelini, hakuna haja. Tangu juzi nausikia upawa jikoni kwangu jioni, na Chiriku anausikia pia, ingawa sasa hivi amesimamisha kalamu na ananitolea macho.

Baba yako alikuwa na ulimi mkali, na lile neno la getini lilimkera mpaka anakata roho. Hakunitajia maneno yenyewe, aliniambia tu kuna kauli anataka kuirudisha. Naona ameirudisha.

Jumapili mlango utakuwa wazi. Nimetoa sahani nne. Njoo mchana, chakula kisipoe, na usinunue kitu njiani.

Mama yako