Bati la Upande wa Abiria

Nyumbani, ghorofa ya pili,
nyuma ya posta.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku tunakula na tunalala, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kila ninapopanda ngazi. Natumaini wewe, mama watoto wako na watoto wote mko salama, na kazi yako ya kreni inaendelea. Na yule mgeni wenu uliyemmwagia chai mapajani, amekusamehe? Uliposimulia kwenye simu, kaka yako alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka. Usiisahau chai hiyo, maana nitairudia mwishoni.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Ni kwamba ninyi ndugu wawili mkishika simu hamna mazungumzo, mna utani tu, na mimi nikiingilia mnaniambia niwapishe wanaume waongee. Barua haina wa kuikatiza. Isome ukiwa umekaa kitako.

Nianze na habari ndogo. Binti yetu amepata mchumba, kijana mpole anayekula kidogo sana, na kaka yako anamshuku kwa hilo tu. Duka la dawa ninalofanyia kazi limepata mwenye mali mpya. Katuvalisha makoti ya kijani, na nikisimama kaunta nafanana na pazia la wodi. Mshahara umebaki uleule, koti ndilo jipya.

Sasa nije kwa mke mwenzangu, kama ulivyolibatiza mwenyewe lile gari la Kijapani. Uliliacha likiwa na heshima zake, gari la kupelekea watu harusini. Mwaka jana ulipokuja lilikuwa kwa fundi, na ukiliona leo hulitambui. Kaka yako kang'oa viti vya nyuma, zulia, redio na kiyoyozi. Fundi wa viyoyozi, shemeji, kang'oa kiyoyozi cha gari lake mwenyewe, eti kinaongeza uzito. Nilinyamaza nisije nikapimwa na mimi. Yeye na Fundi Kimya, yule fundi wa magari asiyezidisha maneno matatu kwa siku, wameweka turbo kubwa zaidi, springi ngumu, breki nene na ekzosi inayowaamsha watoto wa jirani. Ndani wamechomelea mabomba ya chuma, tukipinduka tusisagike. Usukani ni ule ulioutuma wewe. Na upande wa abiria, pale ninapoweka miguu, kaka yako alipigilia kipande cha bati. Nitakieleza.

Tangu uondoke hujafika uwanjani, kwa hiyo nikupe picha. Mara moja kwa mwezi uwanja wa mbio hufunguliwa kwa watu wa kawaida wenye magari yao. Si mashindano, hakuna kikombe wala mshindi. Unavaa helmeti, unasubiri zamu ya kundi lako, unaingia, unazunguka, unatoka ukinuka mpira ulioungua. Daktari wa meno huwa yupo, mwalimu wa hesabu yupo, na muuza maua mmoja mwenye kigari kidogo huwapita wote wawili kwenye kona na kuwaharibia siku. Anayetaka kubeba abiria anaruhusiwa.

Kuna sehemu moja iliyonyooka, ndefu, ambayo mwisho wake ni kona kali ya kulia. Wanaiita Kona ya Tangi, kwa sababu ya tangi la maji lililo nyuma yake. Kandokando ya njia yamesimama mabango yenye namba, ya kumwambia dereva zimebaki mita ngapi kufika konani. Kila dereva ana bango lake la kukanyagia breki. Ukiwahi, unachekwa. Ukichelewa, unaingia kwenye mchanga mzito uliomwagwa nje ya kona makusudi ya kuzamisha magari.

Na mimi nina ugonjwa wa abiria wote. Tukikaribia kona, mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu, kutafuta breki ambayo haipo. Zamani kaka yako alikuwa akinicheka hadi machozi. Mwaka jana aliacha kucheka, na ndipo alipoweka lile bati, akisema natoboa sakafu. Akaniomba pia nivae viatu vyangu vya kazini, vile vya soli ngumu, kwa kuwa raba zinateleza. Tangu hapo kila nikikanyaga lilisikika ko! kubwa, ambalo hata ekzosi haikulimeza. Akawa pia hataki kwenda bila mimi. Zamani niliingia mara mojamoja tu, siku nyingine nikikaa kivulini na chupa ya chai, sasa ikawa lazima niingie kila mara. Bila wewe gari halikai sawa, anasema. Nikaona mapenzi yamerudi uzeeni. Nilitamba dukani, shemeji, siwezi kukuficha. Niliwaambia wenzangu kwamba mume wangu hawezi kupiga kona bila mimi.

Mwezi uliopita tukaenda kama kawaida. Asubuhi mama mmoja anayepunga bendera pale uwanjani, mwenye sauti ya kusimamisha lori, aliniita pembeni.

“Mama, kila mara nakuona unavyojikunja humo ndani. Utapata kidonda cha tumbo bure. Leo jaribu kutulia. Pishanisha miguu, muachie mwenyewe gari lake.”

Nikaona kasema kweli. Mzunguko wa kwanza nilikanyaga kwa mazoea. Wa pili nikapishanisha miguu, nikaegemea kiti, nikapiga moyo konde. Tukaingia kwenye ile sehemu iliyonyooka na, nakuambia bila kuongeza chumvi, kwa mara ya kwanza sikuogopa. Nilimwamini kaka yako kabisa. Bango la kwanza likapita. La pili likapita, nikajiambia leo anataka kuwaonyesha kazi. La tatu likapita. Kisha nikaliona tangi, na halikuwa mbali.

Alikanyaga breki, lakini muda ulishapita. Gari lilikataa kukata kona, likanyooka hadi mchangani. Mchanga uliingia madirishani, kwenye mikanda, mpaka mdomoni. Injini ikazimika. Bampa la mbele tuliliacha nyuma. Hakuna aliyeumia, usishtuke, ingawa nilichelewa kuamini.

Kaka yako akanigeukia, uso mzima mchanga.

“Mama, mbona hukukanyaga?”

Nikadhani anatania. “Nikanyage nini? Breki unayo wewe.”

“Hukukanyaga,” akarudia, polepole. “Nilikuwa nakusubiri wewe.”

Nikatazama lile bati. Nikatazama viatu vyangu. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilikasirika kuliko nilivyokuwa nimeogopa. Nikamwambia atazame mbele na asigeuze kichwa. Nikaunyoosha mkono wangu pembeni ya helmeti yake, nikachezesha vidole, nikamwambia aseme atakapoviona. Nikausogeza mkono mbele kidogo kidogo. Ulikuwa umekaribia pua yake aliposema, “Hapo.”

Mabango yapo pembeni, shemeji, na pembeni kaka yako haoni tena. Alikuwa akipiga breki kwa woga wangu.

Tulivutwa kwa kamba mbele ya watu wote, muuza maua akiwemo. Fundi Kimya alikuja kuokota bampa, akasimama mbele yangu akiwa amelikumbatia. “Nilimwambia akuambie. Akakataa,” akasema, na siku hiyo hakuongeza neno lingine. Basi ndipo vitu vikaanza kujipanga kichwani mwangu. Gari la kazi alikuwa akimwachia msaidizi wake aendeshe, akisingizia mgongo. Sokoni alikuwa akitembea nyuma yangu, mkono begani kwangu, nami nikaona raha. Na mimi siku nzima nasimama kaunta nikiuza dawa za matone kwa watu wenye presha ya macho, nawaelekeza jinsi ya kuvuta kope, nawaambia wasiruke hata siku moja. Kisha narudi nyumbani kwa mgonjwa, nampikia, nalala. Hilo bado linaniuma.

Daktari wa macho alimkalisha mbele ya mashine, akampa kitufe cha kubonyeza kila aonapo nukta ya mwanga. Nilikaa kwenye benchi nyuma yake nikisikiliza. Anabonyeza, kimya. Anabonyeza, kimya kirefu. Kuna wakati nilidhani amesinzia. Jina la ugonjwa ni glakoma, ndiyo hiyo presha ya macho. Inakula kuanzia pembeni, inakuachia katikati hadi mwisho, kwa hiyo mtu anasoma gazeti, anafunga skrubu, anajiona mzima. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa zinalinda kilichobaki, nacho si kidogo, kama hataruka matone. Naweka mwenyewe, asubuhi na jioni, na ananung'unika kama mtoto. Kuendesha gari amekatazwa, barabarani na uwanjani.

Kisha daktari akauliza kama kuna mwingine katika ukoo. Kaka yako akasema hapana. Nikasema yupo. Unakumbuka baba yenu miaka yake ya mwisho, mkono ukutani anapotembea, na vikombe alivyokuwa akivipiga kumbo mezani kila siku? Alikuwa akigomba kwamba vimewekwa vibaya. Sote tukasema uzee. Mimi ndiye niliyekuwa nafuta ile chai, na nilisema uzee pamoja nanyi.

Kwa siku kadhaa kaka yako alikaa na funguo mfukoni, akizichezea. Mwishowe akaziweka mezani, akaniambia nimtafute mnunuzi. Nikakataa. Nimeishi na mke mwenza huyu muda mrefu, nimezoea kugombana naye, na nyumba ingekuwa kimya mno. Zaidi ya hapo sikutaka kumwona mume wangu akikosa yote kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo Fundi Kimya akarudisha bampa, mimi nikasogeza mbele kiti cha dereva, na jana niliingia uwanjani na kundi la wanaojifunza, nyuma ya dada mmoja aliyekuwa akiwasha indiketa kila kona.

Kaka yako alikaa kwangu, pale abiria anapokaa. Tukaingia kwenye ile sehemu iliyonyooka, naona bango la kwanza, na kabla ya la pili nikasikia ko! kwenye bati. Mabango hayaoni, shemeji, lakini kwa mwendo wangu wa polepole njia anaijua kwa mlio wa injini na kwa kijinundu fulani cha lami ambacho mimi sikuwahi kukihisi. Simtegemei, macho ninayo mwenyewe. Ila nilikanyaga pamoja naye, na tukaipita Kona ya Tangi kwa adabu zote. Alicheka. Nami nililia ndani ya helmeti, mahali ambapo hakuna wa kukuona wala pa kupangusia.

Sasa turudi kwenye ile chai yako. Ulisema kikombe mgeni alikiweka vibaya. Kilikuwa wapi hasa? Pembeni, sivyo? Na mwaka jana ulipokuja ulijigonga bega kwenye mlango wetu mara mbili, ukalaumu fremu. Mlango ule tunapitisha friji za wateja anazotengeneza kaka yako na hazigusi. Daktari amesema ugonjwa huu unapita kwa ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja wenu apimwe, anaumwa au haumwi. Tafadhali usijipime kwa kusoma herufi za ukutani. Kaka yako alizisoma zote hadi mstari wa mwisho, akanigeukia kwa kiburi. Omba ile mashine ya kitufe. Yeye mwenyewe anajua nakuandikia, na ameniagiza niweke neno lake hapa: “Mwambie asiwe mjinga kama mimi.” Hakuwa anatania, nilimtazama usoni.

Nisalimie mama watoto wako, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa vizuri. Wasalimie watoto mmoja mmoja, hasa yule wa mwisho anayefanana nami kwa ubishi. Binti yetu anakusalimu, pamoja na mchumba wake asiyekula. Fundi Kimya naye anakusalimu, kwa kutikisa kichwa. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na macho yako kwanza.

Usinijibu kwa utani. Niandikie siku uliyopimwa, na upimwe kabla hujapanda tena kwenye kreni yako. Kaka yako alikuwa na mtu pembeni wa kumkanyagia. Wewe huko juu umekaa peke yako, na chini ya mzigo wanapita watu.

Nikupendaye kwa dhati,
Shemeji yako.