Mdogo Wako Ameifungua Injini

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mwanangu, baba yangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Na mjukuu wangu, kile kikohozi kimemwachia? Nilipomsikia kwenye simu kifua bado kilikuwa kinakwaruza, na tangu hapo sijatulia. Mvalisheni soksi hata ndani ya nyumba. Sisi huku hatujambo. Goti langu ni lile lile, nikipanda ngazi linalalamika, nikishuka linanyamaza. Usilihesabu kuwa ni ugonjwa.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu ukishasikia neno la kwanza unanidakia, na mimi nikidakiwa nasahau yote. Barua hainidakii. Isome mpaka mwisho ndipo ukasirike, kama hasira itakuwa imebaki.

Ni habari za gari lako. Lipo, ni zima, linang'aa. Nimetanguliza hilo ili moyo wako ukae mahali pake. Lakini mdogo wako ameifungua injini.

Najua ulikataza. Ulisema mdogo wako Sindano asiguse hata boneti, lisubiri mpaka urudi. Machoni mwako yeye bado ni yule mtoto mwembamba aliyeifungua redio yako, akaifunga, zikabaki skrubu mbili mkononi na redio ikawa bubu. Mwanangu, yule mtoto siku hizi ana mikono ya mtu mzima na funguo za gereji anaachiwa yeye.

Unakumbuka nilikueleza ule mlio wa asubuhi. Nikiwasha tu, injini inapiga kelele kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, halafu inatulia. Ukaniambia ni baridi. Mzee Spana, bosi wa mdogo wako pale gereji, naye alipochungulia ile saa ya kilomita alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema, "Gari halijatembea kitu! Hili bado bibi harusi, mama."

Sindano akamjibu, "Basi ni bibi harusi anayesaga meno."

Siku ile ile alinikalisha jikoni akanieleza kwa kutumia mkufu wangu wa shingoni. Akasema ndani ya injini kuna cheni, kama ya baiskeli, ila hii imejificha. Ndiyo inayofanya vyuma vya juu na vya chini viende kwa zamu bila kugongana. Ikichakaa inarefuka. Ikirefuka inalegea, na siku moja itaruka meno ya gia, vyuma vitavaana, na injini itakuwa ya kuuzwa kama chuma chakavu.

Nikamuuliza, sasa ichakaeje na gari halitembei?

Akaniambia, "Ndiyo maana, mama. Halitembei."

Kumbe vile tulivyolidekeza, wewe kwa maagizo na mimi kwa utii, ndivyo tulivyokuwa tunalimaliza! Uliniambia nisiliache likalala, basi mimi kila asubuhi naliwasha pale uani, nalisikiliza kidogo, nazima, naenda kuosha vyombo. Sindano anasema hiyo haikuwa dawa. Gari likiwa baridi cheni inangoja oili iifikie, na oili ikianza kupata moto wa kazi, mimi huyo nazima. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Na gari la tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, anasema, linaitegemea oili kuliko magari mengine, ile tabo yenyewe inaogelea humo humo. Sisi nayo oili hatukuibadilisha, tunasubiri kilomita zitimie. Zitatimia wapi, na safari yangu ni sokoni na kurudi?

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili mkononi. Nikikutii, naweza kuwasha asubuhi moja na gari lako likafia mikononi mwangu. Nikimruhusu mdogo wako, na akakosea, limefia mikononi mwake, na wewe hutamsamehe, nakujua. Gari ulilolipata kwa jasho lako, na ndugu yako wa pekee. Nililala vibaya. Kulipokucha nilimwambia, "Haya, fungua. Kaka yako akiuliza, ni mimi."

Hakuruka kwa furaha. Alivuta pumzi tu, akaenda kunawa mikono kama anayekwenda kushika mtoto mchanga.

Baba, laiti ungemwona! Nilikaa pale gereji juu ya kreti ya soda, nimejifunga khanga kiunoni kana kwamba na mimi nina kazi. Alitandika shuka la zamani chini, na kila bolti aliyoitoa aliilaza kwa mpangilio wake, kipande cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Nikamtania, "Leo zibaki mbili tena." Akasema, "Mama, nenda kanywe chai." Lakini alicheka.

Cheni ilipotoka aliining'iniza kwenye msumari sambamba na ile mpya. Ya zamani ilishuka chini kuliko mwenzake. Hata mimi niliyeishia darasa la nne niliona. Ile plastiki inayoishikilia ilikuwa imemeguka, na kipande chake alikikuta chini kabisa kwenye sampo, lile bakuli la oili, kimekaa kwenye kichujio cha oili, kinangoja kuziba njia. Mzee Spana alikichukua akakigeuza geuza, hakucheka tena. Mdogo wako ana jicho! Mimi nisingekiona hata kwa miwani.

Akaweka cheni mpya, plastiki mpya, na kile kichuma cha kuikaza, vyote. Mimi nikadhani sasa anawasha. Wapi! Akachukua spana ndefu akaanza kuizungusha injini kwa mkono, polepole, ameinamisha sikio kama mkunga anayesikiliza tumbo. Akazungusha mpaka mwisho wa mzunguko, akatazama alama za kwenye gia. Akazitazama tena. Nikajua kuna jambo, kutazama kwake mara mbili nakujua tangu yuko mgongoni.

Akasema, "Gia moja imepitiliza jino moja, alama hazikukaa sawa."

Mzee Spana akasogea. "Jino moja tu? Jioni imeshaingia, wewe washa. Litawaka."

"Litawaka, mzee. Halafu?"

Mzee akakuna kichwa. Na pale, mwanangu, hakuna ambaye angejua. Mimi sijui alama ni nini. Bosi wake ameshasema sawa. Wewe uko mbali. Angewasha, tungepiga makofi, tungerudi nyumbani. Alichofanya ni kufuta jasho kwa mkono wa shati na kuanza kufungua upya kile alichokuwa amekwisha kukifunga, bila kununa, bila kumtupia mtu lawama. Mzee Spana mwenyewe ndiye aliyemshikia taa, anaambiwa "kushoto kidogo, mzee," na anakwenda kushoto.

Alipozungusha mara ya pili alama zikakaa. Akazungusha tena, zikakaa tena. Ndipo akatia oili mpya na kuwasha. Sauti ilitoka laini kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta.

Lakini mimi nilingoja asubuhi, maana ule mlio ni wa baridi. Nilisimama uani na goti langu, nimekunja uso kabisa. Akawasha. Sikusikia misumari. Nikamwambia azime, awashe tena. Laini vile vile. Mwanangu, nililia, na yeye akanicheka kwamba nalilia gari. Sikuwa nalilia gari.

Sasa sheria ni mpya, na za kwako nimezifuta. Oili inabadilishwa kwa kuhesabu miezi, si kilomita. Hakuna kuwasha na kuzima. Kila Jumamosi Sindano analipeleka barabara kuu likimbie mpaka lipate moto vizuri, na mimi nakaa mbele, nimevaa viatu vya safari.

Kilichobaki ni kwako. Mdogo wako haulizi, lakini simu ikilia anasimama mlangoni mpaka niikate, halafu anaondoka na kujifanya alikuwa anatafuta kiberiti. Mpigie yeye. Usinipe mimi ahsante nimpelekee. Miaka yote nimekuwa nawabebea maneno, huyu kasema hivi, yule kasema vile, na hili siwezi kulibeba, ni zito, ni lako. Jumatatu yuko nyumbani mapema, nami nitakuwa nimetoka kwenda kwa jirani makusudi.

Nisalimie sana mkwe wangu, mbusu mjukuu wangu kichwani. Shangazi yako anakusalimu, na babu yako mdogo anauliza lini utamtembeza kwenye hilo gari. Mungu akufunike huko uliko, kazi yako ikunyookee, na urudi ukiwa mzima kama ulivyotoka.

Ni mimi mama yako, nikupendaye kuliko unavyojua,

Mama